Soho hadi Hull: safari ya kumfuata Mick Ronson

Jumatatu, London

Safari hii nimeifunga kwa ajili ya mtu mmoja ambaye wengi wetu tumemsikia bila kulijua jina lake. Mick Ronson, mpiga gita wa Hull, mji wa bandari ulioko mashariki mwa Uingereza, alizaliwa tarehe 26 Mei 1946 na kufariki tarehe 29 Aprili 1993, akiwa na miaka 46. Ukimsikiliza David Bowie wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, gita lile linalokwaruza na kulia ni lake, na mara nyingi fidla zinazosikika nyuma ya sauti ni kazi ya kalamu yake. Ukimsikiliza Lou Reed akiimba "Perfect Day", anayepapasa piano ni yeye, na fidla kazipanga yeye.

Mimi napiga gita Zanzibar. Msimu wa watalii niko na bendi ya hoteli huko kaskazini, na msimu ukipungua nawapigia waimbaji wanaotaka mtu wa gita kwa onyesho moja au wimbo mmoja wa studio. Katika kazi hii ya kumpiga tafu mwenzako sijaona mwalimu anayemzidi Ronson. Wapiga gita wengi tunapimana kwa wingi wa noti na wepesi wa vidole. Yeye nampima kwa jambo jingine: mwimbaji kaweza kufanya nini kwa sababu mtu huyu alikuwa pembeni yake?

Nimefikia kwa mjomba wangu, Leyton, mashariki mwa jiji. Aliondoka Unguja angali kijana, na kabla ya kuondoka alikuwa mpiga fidla katika kikundi cha taarab. Asubuhi nilipomwamkia aliitikia marahaba, akaniuliza huyo ninayemtafuta ni nani. Nilipomweleza akasema, "Haya mwanangu, nenda. Jioni ukirudi utanisikilizisha, nijue kama kweli anastahili nauli yako."

Nimeanzia Heddon Street, kichochoro kinachochepuka kutoka Regent Street, karibu na Piccadilly Circus. Siku hizi ni mahali pa mikahawa, meza zimepangwa nje hadi katikati ya njia. Usiku mmoja wa Januari 1972 mpiga picha Brian Ward alimsimamisha Bowie hapa na gita lake, mguu mmoja juu, taa ikiwaka juu ya kichwa chake, na picha ile ikawa jalada la albamu ya Ziggy Stardust iliyotoka Juni mwaka huohuo. Tangu 2012 pana kibao ukutani. Watalii wawili walikuwa wakipiga picha kwa mkao uleule, nikawasaidia kushika simu.

Jalada lina mtu mmoja. Lakini jina refu la albamu linawataja na wenzake, Spiders from Mars, nao ni Ronson, Trevor Bolder kwenye besi na Woody Woodmansey kwenye drams, vijana watatu wa upande mmoja, Hull na miji ya jirani yake huko Yorkshire Mashariki. Nilisimama pale nikiwatafuta kwenye picha, ingawa najua hawamo.

Kutoka hapo nikatembea hadi Soho, St Anne's Court, ujia mwembamba unaounganisha Wardour Street na Dean Street. Nambari 17 ndipo ilipokuwa Trident Studios, na hapa ndipo nilipokaa leo kuliko popote. Trident ilifunguliwa 1968 na ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Ilikuwa na mashine ya kurekodi njia nane, yaani sauti nane zilizotengana kwenye utepe mmoja, wakati studio nyingi kubwa za London bado zikitumia njia nne, na ndiyo maana Beatles walikuja kurekodia hapa "Hey Jude" mwezi Julai mwaka huo. Ilikuwa pia na piano kubwa ya Bechstein ambayo sauti yake ilipendwa mno. Piano hiyohiyo ndiyo aliyoipapasa Rick Wakeman mwaka 1971 kwenye "Life on Mars?"

Na kuna mtu mwingine aliyepita mlango huu. Queen walirekodi hapa kazi zao za mwanzo, mara nyingi saa za usiku studio ilipokuwa haina wateja, na mwimbaji wao, Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana kama Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Ronson alimzidi kwa miezi mitatu na kidogo. Mtoto wa Unguja na mtoto wa Hull, rika moja, wametumia ngazi moja na vyumba vilevile. Nitakuja kuwakutanisha tena kabla safari haijaisha.

Jioni tulikaa na mjomba sebuleni, nikamwekea "Life on Mars?" Hakuwahi kuusikiliza kwa makini. Wimbo unaanza kwa piano na sauti tu. Besi inashuka polepole, halafu fidla zinaingia kwa adabu, zinapanda hatua kwa hatua pamoja na mwimbaji, na kiitikio kinapofunguka drams zinapiga na fidla zote zinatanda. Bowie anaruka juu kabisa kwenye jina la sayari, na huwezi kusikia anatumia nguvu, kwa sababu ngazi ya kupandia ameshajengewa. Gita la Ronson mwenyewe linapata nafasi fupi tu baada ya kiitikio, sentensi moja tamu, kisha linatoka. Mwishoni kabisa, muziki ukiwa umekwisha, inasikika simu ikilia ndani ya studio.

Mjomba aliusikiliza mara mbili akiwa amefumba macho. "Aliyeandika fidla hizi kashika upinde kwa mkono wake," akasema. "Mtu wa piano angejaza kila mahali. Huyu kamwachia mwimbaji apumue." Nikamwambia kuwa ndivyo ilivyo: Ronson alifundishwa piano na fidla tangu utotoni, alitamani kupiga selo, na aligeukia gita baada ya kumsikia mpiga gita Duane Eddy, kwa sababu noti nzito za Eddy zilimkumbusha selo. Mjomba akacheka kwa furaha, kama mtu aliyepata ndugu.

Jumanne, Beckenham

Treni kutoka Victoria hadi Beckenham Junction haichukui hata nusu saa. Ni kitongoji kitulivu cha kusini, chenye miti mikubwa na maduka madogo, na usingedhani kwamba muziki wenye kelele kiasi kile ulitengenezwa hapa.

Nambari 42 Southend Road palikuwa na jumba kubwa la zamani liitwalo Haddon Hall, ambalo Bowie alipanga sehemu ya chini. Lilibomolewa, na sasa pana nyumba za ghorofa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikajaribu kukumbuka picha nilizoziona: ukumbi mpana, ngazi kubwa inayopanda hadi kwenye roshani ya ndani isiyoelekea popote kwa kuwa ghorofa ya juu ilikuwa imefungwa. Kwenye roshani hiyo ndipo wapigaji kutoka Hull walipotandika magodoro yao. Mwanamuziki yeyote aliyewahi kwenda mjini na bendi anaujua usingizi wa namna hiyo. Sisi tuliokwenda Dar kurekodi tumelala sakafuni kwa jamaa, magita yakiwa mito yetu.

Ronson alikutana na Bowie mwanzoni mwa Februari 1970. Siku chache baadaye tu, tarehe 5, walikuwa pamoja kwenye kipindi cha John Peel cha redio ya BBC. Fikiria hilo. Hujazijua nyimbo, hujamjua mtu, na nchi nzima itasikiliza. Njia pekee ya kutoka salama ni kuitazama mikono ya mwenye wimbo na kusikiliza kuliko unavyopiga. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mpiga tafu, na wengi wenye vidole vyepesi huishindwa.

Mwaka huohuo wakarekodi The Man Who Sold the World. Walioshuhudia kazi ile, akiwemo mtayarishaji wake Tony Visconti aliyepiga besi, wamesema kuwa sehemu kubwa ya muziki ilijengwa na Visconti na Ronson, Bowie akija kuweka mashairi na sauti juu yake. Visconti alikuwa hodari wa kuandikia ala za nyuzi, na Ronson alimtazama akajifunza. Kisha mambo yakalegea. Ronson na Woodmansey wakarudi Hull, wakaunda bendi yao iliyoitwa Ronno, wakatoa santuri moja, haikufika mbali. Mwaka 1971 Bowie akawaita tena, safari hii wakaja na Trevor Bolder. Huo ndio uamuzi ambao ninaupenda kuliko yote katika maisha yake: alikwishaonja kuongoza, akaona kazi yake inachanua zaidi ikiwa pembeni ya mtu, akarudi bila kinyongo.

Nilipita kwenye bustani ya Croydon Road, ambapo pana jukwaa dogo la mviringo la bendi. Bowie alipiga hapo Agosti 1969, kabla hajamjua Ronson. Halafu nikarudi stesheni. Woody Woodmansey amesimulia kwamba vijana wa Hull walipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mavazi ya kumetameta waliyotakiwa kuvaa jukwaani, Ronson alifunga virago akaja kwenye stesheni hiihii kutaka kurudi kwao, na Woodmansey akatumwa kumbembeleza. Alikuwa kijana wa mji wa wavuvi na makuli, aliyelelewa katika familia ya Wamormoni. Kuvaa suruali ya dhahabu mbele za watu wa kwao halikuwa jambo dogo. Alirudi, akavaa, na tarehe 6 Julai 1972 televisheni ya BBC ilipowaonyesha wakipiga "Starman", Bowie alimwekea mkono begani wakaimba kwenye maikrofoni moja. Waingereza wa kizazi kile bado wanaizungumzia dakika hiyo. Wanamtaja Bowie. Mimi humtazama yule aliyewekewa mkono, gita limening'inia, anatabasamu na hakosei.

Jumatano, Hammersmith

Mvua mchana kutwa, na mjomba alikuwa na miadi ya hospitali, nikamsindikiza. Jioni ndipo nilipofika Hammersmith, kwenye ukumbi ambao zamani uliitwa Odeon na sasa unaitwa Apollo. Ni jengo la 1932, pana, lenye uso wa mviringo unaotazama barabara ya juu. Hakukuwa na onyesho usiku huu.

Tarehe 3 Julai 1973, kabla ya wimbo wa mwisho, Bowie alisimama hapa akatangaza kwamba hilo ndilo onyesho lao la mwisho kabisa. Bolder na Woodmansey hawakuwa wameambiwa. Walilisikia jukwaani pamoja na watazamaji. Ronson alijua. Usiku ule pia alimkaribisha jukwaani Jeff Beck, mpiga gita ambaye yeye mwenyewe alimfuata tangu ujana, wakapiga pamoja.

Kwa kuwa nimesimama hapa, niseme habari ya sauti yake, maana wapiga gita wenzangu huniuliza. Gita lilikuwa Gibson Les Paul Custom la 1968, jeusi. Aliikwangua rangi yote ya usoni mpaka mbao ikaonekana, akiamini litatoa sauti angavu zaidi. Amplifaya ilikuwa Marshall kubwa ya wati 200. Lakini siri iko kwenye pedali ya wah-wah. Watu wengi huikanyaga na kuiachia ili gita liseme kama mtu anayefungua na kufumba mdomo. Ronson aliibonyeza taratibu hadi akapata pale sauti inapokaza, akaiacha hapohapo. Pedali ikikaa namna hiyo hukuza sehemu nyembamba ya sauti za kati, na gita hupata njia yake kati ya besi iliyo chini na matoazi yaliyo juu. Unasikika vizuri bila kupanda juu ya mwimbaji. Natumia hila hiyo kila wiki hotelini, kwenye ukumbi wenye kuta za mawe ambao humeza kila kitu, na mwimbaji wetu hanilalamikii tena volyumu.

Baada ya usiku ule meneja wao alitaka kumgeuza Ronson kuwa nyota anayesimama peke yake. Albamu yake ya kwanza, Slaughter on 10th Avenue, ilitoka 1974 na kuingia kumi bora za Uingereza. Ya pili, Play Don't Worry, ikafuata 1975. Zote mbili nzuri, na ya kwanza naipenda sana. Hata hivyo katikati ya hayo alikwishajiunga na Mott the Hoople, na bendi ilipovunjika akaondoka na mwimbaji wake Ian Hunter. Hunter na Ronson walifanya kazi pamoja, kwa kuachana na kurudiana, hadi mwisho.

Alhamisi, njiani kwenda Hull

Treni ya moja kwa moja kutoka King's Cross ni kama saa mbili na nusu na ushei. Nimekaa dirishani upande wa kulia, maana mjomba kaniambia huko mwishoni kuna daraja la kutazama.

Njia nzima nimesikiliza Transformer ya Lou Reed. Ilirekodiwa Trident, Agosti 1972, watayarishaji wakiwa Bowie na Ronson. Bowie ndiye aliyekuwa na jina, na ndiye aliyemvuta Reed kutoka New York, lakini kazi ya kila siku ya kupanga nyimbo ziwe nyimbo iliangukia kwa Ronson. Reed amesimulia kuwa lafudhi ya Hull ilimshinda, akawa anamwomba Ronson arudie maneno. Wakaelewana kwa vyombo. Sikiliza "Perfect Day": shairi jepesi la mtu anayekunywa mvinyo bustanini, piano ikitembea taratibu, kisha fidla zinaufungua wimbo mpaka unajiuliza kama ni furaha au ni kilio. Bila mpangilio ule shairi lingebaki jepesi.

Hapa kuna jambo linaloniuma na nitalisema wazi. Mtunzi wa "Perfect Day" kwa sheria ni Lou Reed peke yake, na mtunzi wa "Life on Mars?" ni David Bowie peke yake. Mpangaji wa fidla si mtunzi, wala aliyepiga lile gita si mtunzi, na mirabaha ya utunzi humfuata mtunzi miaka na miaka. Kwetu ni vilevile. Nina rafiki aliyebuni kipande cha gita kinachofungua wimbo mmoja maarufu wa bongofleva. Watoto wanakipiga kwa mdomo wakienda shule, naye alilipwa siku ile ya studio ikaisha. Sisemi mwimbaji kadhulumu, kwa maana ndivyo utaratibu ulivyo. Nasema utaratibu huu haujui muziki unavyotengenezwa.

Baada ya Doncaster ardhi inakuwa tambarare kabisa, mashamba hadi upeo wa macho. Nikaendelea na orodha yake kichwani. Mwaka 1975 Bob Dylan alipokusanya msafara wake wa Rolling Thunder, ulioanza Plymouth, Massachusetts, Ronson alikuwa kwenye basi, kijana wa Hull na rangi zake za jukwaani kati ya waimbaji wa kifolki wa Marekani. Mwaka uliofuata akamtayarishia Roger McGuinn albamu ya Cardiff Rose. Mwaka 1982 John Mellencamp alikuwa na wimbo uliomshinda, "Jack & Diane", akakaribia kuutupa. Ronson, aliyekuwa studioni naye, akapendekeza waweke njuga za watoto wachanga, na kwaya pale katikati. Mellencamp mwenyewe ameeleza mara nyingi kuwa wimbo uliokolewa na Ronson. Ulifika namba moja Marekani. Njuga za watoto! Mpiga gita kapewa wimbo, na alichoupa ni kitu ambacho si gita.

Mto Humber ulitokea ghafla, mpana na wa rangi ya tope, na juu yake daraja lililofunguliwa 1981, mita 1,410 kati ya nguzo na nguzo. Kwa miaka mingi lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Treni inapita chini yake kabisa.

Stesheni ya Hull ina sanamu ya mshairi Philip Larkin, aliyekuwa mkutubi wa chuo kikuu hapa, amesimama kama anakimbilia treni. Vibanda vya simu mjini ni vya rangi ya maziwa, wakati kwingine Uingereza ni vyekundu, kwa sababu mji huu ulikuwa na kampuni yake ya simu. Nilikwenda pia hadi mnara wa William Wilberforce, aliyezaliwa Hull mwaka 1759 na kuipigania sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Mtu wa Unguja hawezi kupita hapo haraka. Soko letu lilifungwa 1873, miaka 40 baada ya yeye kufa. Nilisimama, nikawasomea Fatiha waliopita sokoni pale, kisha nikaendelea na safari.

Ijumaa, Hull

Upepo wa Bahari ya Kaskazini unapita katikati ya nguo. Nilipanda basi la Holderness Road hadi East Park, bustani kubwa iliyofunguliwa 1887, yenye ziwa, na bata wasioogopa watu.

Ronson aliifanyia kazi idara ya bustani ya halmashauri ya mji. Kabla ya hapo alikwishajaribu London, 1965, akafanya kazi gereji na kupiga na bendi ndogo, ikashindikana, akarudi. Akajiunga na The Rats, bendi iliyokuwa ikijulikana sana hapa mjini na karibu haijulikani kwingine. Mchana alikata nyasi, usiku alipiga gita. Mwanzoni mwa 1970 John Cambridge, mpiga drams aliyekuwa naye kwenye The Rats na sasa yuko na Bowie, alisafiri kutoka London kuja kumtafuta. Alimkuta akichora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa raga. Inasemwa hakukubali haraka, maana London ilikwishamchosha mara moja. Cambridge akambembeleza hadi akakubali. Namheshimu sana Cambridge kwa safari ile. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe alitoka kwenye bendi, na bila yeye hakuna kitu katika haya yote.

Ndani ya bustani, tangu 2017, pana bustani ndogo ya kumkumbuka Ronson na sanamu ya gita, ndefu kunipita mimi. Mwaka huo Hull ilikuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza. Nimeipenda mahali ilipo, kati ya maua, kwenye bustani ambayo mwenyewe aliitunza kwa mshahara. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa aliniona naitazama, akasimama. Aliniambia aliwaona The Rats zaidi ya mara moja alipokuwa kijana. Nikamwuliza Ronson alikuwaje. "Mpole," akasema. "Ungemwambia kapiga vizuri, angekuambia mpiga drams alikuwa mzuri usiku ule." Aliponiuliza ninatoka wapi nikamwambia Zanzibar, akataja Freddie Mercury kabla sijamaliza neno.

Nilisali Ijumaa kwenye msikiti mdogo, kisha mchana nikaenda makaburi ya Eastern, Preston Road, alikozikwa. Upande huohuo wa mji upo uwanja wa Hull Kingston Rovers, timu ya raga. Kelele za mazoezi ya watoto zilisikika kwa mbali nilipokuwa nikitafuta njia. Watu huacha maua na plektra za gita. Nami niliacha yangu, ile nyembamba ninayopigia ridhimu.

Jumamosi, Wembley na Leyton

Nilirudi London kwa treni ya asubuhi, na mjomba akanikuta kituo cha Wembley Park. Alisisitiza kuja. Uwanja tulioutazama ni mpya, umefunguliwa 2007. Ule wa zamani wenye minara miwili ulibomolewa. Kwenye ule wa zamani, tarehe 20 Aprili 1992, palifanyika onyesho la kumkumbuka Freddie Mercury, aliyefariki tarehe 24 Novemba 1991. Mjomba alilitazama kwenye televisheni, yeye na Wazanzibari wenzake watano sita kwenye chumba kimoja, kwa sababu yule alikuwa mtoto wa kwetu hata kama wengi hawakujua.

"Namkumbuka Bowie na suti yake ya kijani," alisema. "Na pembeni yake palikuwa na mtu wa gita, nywele za dhahabu." Ndiye. Ronson alikuwa na saratani ya ini, alikwishaambiwa mwaka uliotangulia. Ian Hunter aliimba "All the Young Dudes", Bowie akipuliza saksafoni, Queen wakipiga, Ronson kwenye gita. Kisha akabaki kumpigia Bowie "Heroes", na Bowie alipopiga magoti kusali mbele ya umati ule, gita lilikuwa limekwisha kazi. Mwaka huohuo alimtayarishia Morrissey albamu ya Your Arsenal. Mtu mgonjwa kiasi kile, na bado anakaa studioni kusikiliza sauti ya mwenzake. Aprili 1993 Bowie alitoa Black Tie White Noise, ambamo Ronson anapiga kwenye wimbo mmoja, na mwezi haukuisha akafariki.

Alikuwa ameanza albamu yake mwenyewe. Ilitoka 1994, Heaven and Hull, ikakamilishwa na marafiki: Bowie anaimba humo, Mellencamp anaimba, Joe Elliott wa Def Leppard, Chrissie Hynde. Wimbo wa mwisho ni "All the Young Dudes" uleule wa Wembley. Nilimwekea mjomba usiku huu baada ya chakula, akaomba nirudishe, kisha akasimama na kuleta fidla yake kutoka chumbani. Nyuzi mbili zilikuwa mpya. Alizinunua jana nilipokuwa Hull.

Tumeanza kuandika fidla za "Life on Mars?" kwa vyombo tulivyo navyo Unguja: fidla mbili, qanun na besi, na gita langu. Mjomba anasikiliza, ananiimbia mstari, mimi naandika. Tumefika kwenye beti ya pili. Yeye anataka qanun iingie mapema, pamoja na fidla za kwanza. Mimi nataka ingoje kiitikio. Tumebishana kwa saa nzima, ameweka rekodi mara tano kunionyesha kuwa Ronson angemkubalia yeye, na ndege yangu ni kesho usiku.